Mzee wa Juu ya Ngazi

Juu ya meza yangu ya kuandikia nimebandika picha ya mzee mmoja wa Kijerumani. Amesimama kwenye kipago cha juu kabisa cha ngazi, katika maktaba ambayo sakafu yake haionekani. Kitabu kimoja amekisogeza mpaka puani, kingine kiko mkono wa pili, cha tatu kwapani, na cha nne, haki ya Mungu, amekibana katikati ya magoti! Leso inaning'inia mfukoni wala hana habari.

Aliyemchora, kama mwaka 1850, ni Carl Spitzweg. Huyu bwana alisomea ufamasia. Kuchora alijifunza mwenyewe. Hilo tu lilinitosha kumpenda. Sisi tunaoandika bila mwalimu tunatafuta ndugu popote. Nikasema: mzee huyu ndiye mimi wa kesho. Vitabu mpaka magotini, na watu wasinisumbue.

Kumbe Spitzweg alikuwa anamcheka! Mwaka 1848 mitaa ya Ujerumani ilichafuka kwa mapinduzi, watu wanadai katiba, hata mfalme wa Bavaria akaachia kiti. Mzee wetu yuko juu, kwenye rafu iliyoandikwa Metafizikia. Na kule chini, pembeni kabisa, kuna tufe la dunia, limefifia, limeachwa peke yake.

Mimi tufe hilo sikuwa nimeliona. Nimeitazama picha miezi mingapi, naona vitabu tu.

Jioni moja mdogo wangu akasimama mlangoni. "Kaka."

"Ngoja nimalize ukurasa."

Nikaumaliza, nikaunganisha na mwingine, na mwingine. Nilipogeuka alikuwa amelala mkekani na sare yake ya shule, daftari kifuani. Asubuhi ndipo mama akaniambia: mtoto karudishwa kwa ajili ya ada, na alitaka nimwandikie barua mwalimu mkuu, tuombewe muda. Baba alikuwa tayari kuiandika. Mtoto akakataa, ati kaka ndiye mwandishi.

Nilikaa mbele ya picha, nikaliona tufe.

Sijaibandua. Ule mwanga unaomwangukia mzee kutoka juu bado naupenda, yaani naupenda sana. Nimeihamishia tu karibu na mlango. Barua niliiandika asubuhi hiyohiyo, kurasa mbili. Mdogo wangu akaisoma yote, akanirudishia, akasema ni ndefu mno.