Kipande Kidogo cha Uvimbe

Katika nchi yetu ya Tarime na Serengeti hapana mfugaji asiyeijua ndigana. Ng'ombe hushikwa na homa, tezi zilizo chini ya sikio hufura, na asipotibiwa upesi hufa. Bwana mifugo akiitwa habahatishi. Huichoma ile tezi kwa sindano, huvuta maji yake kidogo, huyatandaza juu ya kioo, kisha huyatazama kwa hadubini. Akiviona vijidudu vya ndigana, ndipo ataja jina la ugonjwa. Mwenye ng'ombe humshukuru. Walakini daktari akitaka kumfanyia mtoto wa mtu neno lililo kama hilo, mara nyingi ndugu humtorosha mgonjwa wao usiku.

Twataka kulieleza neno hili, maana sisi walimu twakaa na watoto siku tano katika juma, na huenda shavu lililofura likaonekana darasani kabla halijaonekana hospitalini.

Uvimbe wa kinywani au shingoni ni kama mgeni aliyejifunika uso. Huenda ni jipu la jino, huenda ni kifua kikuu cha tezi, huenda ni kansa. Kwa macho na vidole peke yake hata daktari hodari aweza kukosea. Kwa hiyo hutia ganzi, au humlaza mgonjwa usingizi, hukata kipande kidogo, hukitia katika dawa kisioze, na kukipeleka kwa mtaalamu. Huyo hukikata vipande vyembamba mno, huvitia rangi, na kuvitazama kwa hadubini. Hapo mgeni hufunuliwa uso.

Kuna kansa moja ambayo nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria zaijua kuliko nchi nyingi. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alimwona mtoto aliyefura taya, juu na chini, kuume na kushoto. Mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo, nao ukaitwa kwa jina lake. Baadaye vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vilipelekwa London kwa ndege, na kutoka katika vipande hivyo Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona, mwaka 1964, kirusi kilichokuwa hakijajulikana.

Kwetu nako wagonjwa hawa walionekana. Hospitali ya Shirati ya Kanisa la Mennonite iliandika habari zao kwa miaka mingi, wakati Shirati ilipokuwa ingali katika wilaya ya Mara Kaskazini, iliyoitwa Tarime baadaye. Leo imo Rorya. Tangu 1977 hata 1982 watoto wa wilaya ile walio chini ya miaka 10 walipewa klorokwini, ili ijulikane kama malaria ikipungua kansa hii nayo itapungua. Ilipungua kweli, lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa, na malaria yenyewe ikapanda tena. Basi wataalamu hawakuweza kukata neno.

Je, jina la ugonjwa lina faida gani kwa mzazi? Lina faida kubwa, maana dawa hufuata jina. Kansa ya Burkitt haihitaji kukatwa taya. Dawa za mishipani huuyeyusha uvimbe, na watoto wengi wamepona kwazo. Kansa ya ulimi au ya fizi, iwapatayo zaidi watu wazima, na hasa wavuta tumbaku na wanywaji wa pombe kali, ni jambo lingine. Hiyo hutibiwa kwa kisu na kwa mionzi, na ikitoka kinywani kwa kawaida hufikia kwanza tezi za shingo. Ndiyo maana daktari huichoma tezi ya shingo kwa sindano, ama huitoa na kuipima. Ikiwa kansa imo, hapana budi matibabu yafike shingoni pia. Asiyejua jina aweza kumkata aliyepaswa kupewa dawa, au kumng'oa meno mtoto ambaye meno yake hayana kosa.

Watu husema, "Kisu huuamsha uvimbe, fulani alikatwa, akafa." Twawaomba wasemao hivyo wauhesabu muda. Fulani alikaa nyumbani miezi mingapi? Alichanjwa mara ngapi kwa wembe? Kansa ya Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Mara nyingi kifo hakikuletwa na kile kisu cha mwisho, bali na siku zilizopotea kabla yake.

Basi, walimu wenzetu, mwanafunzi akifura shavu, au meno yake yakilegea bila sababu, au jicho likitokeza, tusingoje likizo. Twende kwa mzazi jioni ile ile, tumweleze kwa upole, tumtajie ndigana ya ng'ombe wake. Daktari akisema lazima akate kipande, mzazi aulize maswali yake yote, kisha akubali, na arudi siku aliyoambiwa kuchukua majibu. Maana kipande kilichopimwa bila mwenyewe kurudi hakimponyi mtu. Tusikubali mtoto akose uangalifu ule ule tunaompa ndama.