Tulipochagua Mji kwa Rolakosta

Mwaka 2003, mpenzi wa rolakosta aliyetafuta mji wa kuishi Marekani hakuwa na mjadala mrefu. California ilikuwa na Magic Mountain na jua la mwaka mzima. Florida ilikuwa na Orlando na Tampa. Pennsylvania ilikuwa na bustani kongwe, za reli za mbao, ikiwemo Leap-the-Dips ya Altoona, iliyojengwa 1902 na kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Ohio nayo ilikuwa na bustani kubwa tatu, tena kwa bei za nyumba ambazo mtu wa mshahara wa kawaida angezimudu. Kwa wengi wetu mjadala uliishia hapo.

Niwaeleze kidogo wasiowahi kupanda. Rolakosta ni kile kitreni cha bustani ya burudani kinachovutwa kwa mnyororo hadi kileleni, kikaachiwa. Nyingi hazina injini ndani. Baada ya kilele cha kwanza treni hukimbia kwa uzito wake mpaka ikutane na breki za mwisho. Ule mlio wa ta-ta-ta-ta wakati wa kupanda, ambao wageni hudhani mnyororo umechoka, ni kikucha cha chuma chini ya behewa kinachogonga jino baada ya jino, ili mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma. Kwa hiyo mlio ukisikika, tulia. Wasiwasi uwe siku usiposikika.

Wapenzi wa mambo haya wana chama chao Marekani tangu 1978, American Coaster Enthusiasts, na wana tabia zao. Kila mmoja anajua idadi ya rolakosta alizopanda maishani, na anaweza kukutajia mafundi waliozichora kama watoto wa madrasa wanavyotaja herufi. Na kila mmoja ana bustani yake ya nyumbani, ile anayoweza kwenda jioni baada ya kazi bila kulala hotelini. Ukikosa hiyo wewe ni msafiri tu.

Wakati huo nilikuwa Houston, nimetoka chuo. Bustani ya nyumbani ilikuwapo: AstroWorld, na Texas Cyclone yake ya mbao ya mwaka 1976. Lakini ilikuwa moja, na mimi nilikuwa kijana. Kazi yangu ni ya maabara, na kazi ya maabara hupatikana kila penye hospitali, kwa hiyo hakuna mwajiri aliyenichagulia mji. Nikatandaza ramani ya Ohio mezani. Kaskazini, kwenye Ziwa Erie, Cedar Point ya Sandusky. Kusini-magharibi, Kings Island ya Mason, nje ya Cincinnati. Kaskazini-mashariki, jirani na Cleveland, ile ya Aurora iliyokuwa ikiitwa Six Flags Worlds of Adventure, ingawa wenyeji hawakuacha kuiita Geauga Lake. Columbus ilikuwa katikati: saa mbili kwenda Sandusky, saa moja na nusu kwenda Mason, saa mbili na kitu kwenda Aurora.

Shemeji yangu alinipigia kutoka Tanga. “Shemeji, watu wanahamia penye kazi, penye ndugu, au penye msikiti. Wewe unahamia penye bembea?”

“Bembea tatu, shemeji,” nikamjibu. “Na kazi ipo, msikiti upo. Ndugu watapatikana.”

Walipatikana kweli. Columbus imejaa Wasomali, wengi wao waliopitia Kenya, na Wakongo wakaja baadaye. Leo unaweza kununua nyama, kugombania bei na kuulizia hali ya mgonjwa, yote kwa Kiswahili. Hilo halikuwa kwenye ramani yangu, na ndilo lililonifaa kuliko yote niliyoyapima. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Miaka ile Ohio ilikuwa kwenye mashindano ya urefu. Cedar Point iko kwenye rasi nyembamba ndani ya ziwa, watu wanaogelea na kuburudika pale tangu 1870, na ukija kwa gari unavuka maji huku vilele vinaongezeka mbele yako. Magnum ya 1989 ilikuwa ya kwanza ya mzunguko kamili kupita futi 200, yaani mita 61. Millennium Force ya 2000 ikafika mita 94. Kisha Mei 2003 ikaja Top Thrill Dragster, mita 128, ambayo haikuwa na mnyororo: treni ilifyatuliwa ikafika kilomita 193 kwa saa, ikapanda wima, ikapinda kileleni, ikashuka wima. Safari nzima ilikuwa sekunde kumi na saba. Foleni ilikuwa ya saa.

Mara mojamoja upepo au baridi iliifanya treni ikose nguvu. Ilifika karibu na kilele, ikasita, ikarudi kinyumenyume hadi ilikotoka. Mgeni angedhani ni ajali. Wenyeji walipiga makofi, kwa sababu aliyerudishwa alikuwa amepata safari ya bure juu ya safari yake. Wapo waliokaa kwenye foleni wakiomba isivuke. Sijui kama kuna burudani nyingine ambayo wateja wake huombea mashine ishindwe.

Na Juni kulikuwa na wadudu. Ziwa Erie lina wadudu wa mabawa wanaotoka majini kwa pamoja wakati huo wa mwaka, wengi hivi kwamba rada za hali ya hewa huwaona kama wingu la mvua. Wanaishi siku moja au mbili bila kula chochote. Usiku walifunika taa, wakafunika vyuma vya foleni, wakafunika mgongo wa mtu aliyesimama mbele yako. Ukikanyaga, chini panalia kama unatembea juu ya bisi. Wamarekani walipiga kelele. Mimi nilikumbuka kumbikumbi, nikaona jinsi watu wanavyopoteza kitoweo.

Kings Island nilikuwa naenda usiku, na kwa sababu moja tu. Bustani ile yenyewe ilizaliwa na mafuriko: Coney Island ya Cincinnati, iliyokuwa ukingoni mwa Mto Ohio, ilizama mara nyingi, ikiwemo 1964, hadi wenyewe wakahamia nchi ya juu na kufungua upya 1972. Mwaka 1979 wakajenga The Beast, ya mbao, zaidi ya kilomita mbili, na hadi leo hakuna ya mbao iliyoizidi urefu wa njia. Haisimami uwanjani watu waitazame. Inaingia msituni. Usiku hakuna taa huko, unaona kichwa cha mtu wa mbele kisha huoni, mbao zinanukia mafuta na umande, na kila ukidhani imekwisha inakupandisha kilima cha pili, polepole, ili ufikirie. Chini ya kilima hicho njia inajikunja mara mbili ndani ya vibanda vya giza. Inachukua zaidi ya dakika nne. Huo ni muda mrefu sana mtu kuwa na hofu aliyoilipia.

Houston ndiyo iliyotangulia kufa. AstroWorld ilifungwa Oktoba 2005 ili kiwanja kiuzwe, na kikauzwa kwa fedha pungufu sana ya ile waliyoitarajia, kisha kikakaa wazi miaka na miaka, nyasi na maegesho ya magari. Rafiki zangu wa kule walinipigia simu kama tuliofiwa. Niliwapa pole, na pole yangu ilikuwa na kiburi ndani yake. Mimi nilikuwa na tatu.

Geauga Lake ilikuwa na Big Dipper, ya mwaka 1925, kazi ya John A. Miller. Huyu ni mtu ambaye kila anayepanda rolakosta leo ana deni la shukrani kwake. Kabla yake vilima vilikuwa vya upole, kwa kuwa treni ikishuka kwa kasi na kupanda kilima kingine ingeweza kuruka kutoka kwenye reli. Miller akaweka gurudumu jingine chini ya reli, akapata hataza yake 1919, na treni ikabanwa juu na chini. Kuanzia hapo mtu angeweza kuinuliwa kitini, akaelea, na behewa lisiende popote. Pale Big Dipper ungeinama kituoni ukayaona magurudumu yale yamekumbatia reli, meusi kwa grisi, kitu kidogo kuliko sahani.

Septemba 16, 2007 ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Waliopanda jioni ile hawakujua kwamba ni siku ya mwisho kabisa. Tangazo la kufunga lilitoka siku tano baadaye. Juni iliyofuata vitu vilipigwa mnada, na Big Dipper ikauzwa dola 5,000, bei ya gari la mkono wa tatu. Aliyeinunua hakuihamisha. Ilisimama pale hadi Oktoba 2016 ilipobomolewa. Nilipita barabara ile nikaiona katikati ya miaka hiyo: miti imeota kati ya nguzo hadi kufika usawa wa reli, rangi nyeupe imebanduka, na njia bado imepinda pale inapopaswa kupinda.

Nyingine zilihama. Dominator ikaenda Virginia, Thunderhawk ikaenda Michigan, bembea ya farasi wa mbao ya miaka ya 1920 ikaenda Kansas City. Na moja ikanifuata mimi: X-Flight, ile unayolazwa chali ikupindue uruke kifudifudi, ilikuwa imeshapelekwa Kings Island, ikafunguliwa 2007 kwa jina la Firehawk. Nilichukulia kama fidia. Oktoba 2018 ikafungwa, ikavunjwa, na 2020 pale pale pakasimama Orion, yenye mteremko wa futi 300. Orion ni nzuri. Ni ndefu, laini, ya haraka, haina hata kona moja inayokuuliza swali.

Baada ya Geauga Lake niliacha kuhuzunika kwa zamu. Son of Beast, ya mwaka 2000, ikafungwa 2009 na kubomolewa 2012: mtoto akafa, mzazi akabaki. Mean Streak ya Cedar Point, iliyokuwa ikitikisa meno, ilivishwa reli za chuma juu ya mbao zake ikarudi 2018 kwa jina la Steel Vengeance, na hapo lazima niseme kweli, ya sasa inaishinda ya zamani kwa kila kipimo, na anayelilia ile ya zamani analilia maumivu ya mgongo. Dragster ilisimama Agosti 2021 baada ya kipande cha chuma kuchomoka na kumjeruhi vibaya mama aliyekuwa kwenye foleni. Ilirudi Mei 2024 kwa sura mpya na mnara wa pili, ikafungwa mwezi huohuo, haikupakia watu tena hadi 2025. Mwezi Februari mwaka huo New Jersey walilipua kwa baruti Kingda Ka, iliyokuwa ndefu kuliko zote, mita 139. Ile mbio ya urefu tuliyohamia majimbo kwa ajili yake ina vifusi vingi kuliko vikombe.

Hata wenye mali walihama. Kampuni ya Cedar Point iliungana na Six Flags Julai 2024, na makao makuu, yaliyokuwa Sandusky kwenyewe, yakawa Charlotte, North Carolina.

Jambo ambalo ramani yangu haikuonyesha ni kwamba ukaribu nao unakula. Nilipokuwa Houston, safari ya Ohio niliipangia miezi, nikalala macho usiku wa kuamkia. Nikiwa na tiketi ya msimu, nilianza kuingia saa kumi jioni, nikapanda mbili tatu, nikaona foleni ndefu nikasema kesho ipo. Kuanzia Novemba hadi majira ya kuchipua rolakosta nyingi zimefungwa kwa theluji, jambo ambalo watu wa California hawachoki kutukumbusha. Binti yangu, aliyezaliwa hapa, aliipanda Millennium Force akiwa bado na meno ya utoto mdomoni, akashuka akaomba chipsi. Kwake ni kama daladala ya mtaani. Shingo yangu nayo inataka siku mbili za kupumzika baada ya The Beast, na daktari ananiuliza habari za presha kwa sauti ya mtu anayejua ninakotoka.

Mwaka jana kijana mmoja wa Moshi, anayemaliza shahada ya uhasibu, aliletwa kwangu na watu wa msikitini. “Shikamoo, mzee. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua rolakosta. Nikitafuta kazi, nihamie wapi?”

Nikamwambia asiulize tena bustani ina rolakosta ngapi. Aulize ardhi ni ya nani. Kule Santa Clara, California’s Great America iliuzwa kiwanja chake 2022 kwa kampuni ya maghala, na bustani ikabaki mpangaji wa miaka ya kuhesabika. Maryland, Six Flags America ilifungwa Novemba 2025. Coney Island ya Cincinnati, ile ya zamani iliyofunguliwa tena palepale mtoni, hata baada ya kunusurika mafuriko yote yale, iliishia Desemba 2023. Nikamwambia aangalie bustani inapoanza kuongeza hoteli badala ya reli, na aangalie bei ya viwanja vya jirani. Apange nyumba, asinunue.

Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akaniuliza vyumba viwili pale Mason ni dola ngapi kwa mwezi, na kama kutoka dirishani The Beast inasikika.