Dawa ya Mpira Unaokata Kulia

Nilipoanza kubeba mifuko ya gofu Mombasa, miaka ya 1980, dawa ilikuwa moja tu: kichwa chini. Mchezaji akiukwangua mpira ukabingirika hatua chache, kainua kichwa. Ukikata kulia ukapotelea vichakani, kainua kichwa. Uwanja wetu wa mashimo tisa umelala kando ya bahari, na upepo wa kusi ukishika kasi hauna huruma na mpira uliopinda. Basi makedi tuliusikia wosia huo toka asubuhi hadi jioni, na sisi tukawarudishia matajiri wetu kwa sauti ya watu wanaojua.

"Kichwa, mkubwa."

"Najua, najua," anajibu, na mpira wa pili unaufuata wa kwanza.

Alikuwapo mzee mmoja kati yetu, kedi wa siku nyingi, asiyejishughulisha na kichwa cha mtu. Yeye alitazama mkono wa kushoto ulivyoshika fimbo, kisha akainama kuangalia nyasi zilizochimbika zimeelekea wapi. Tajiri akimwomba ushauri, aliugeuza ule mkono kulia kidogo, mpaka vifundo viwili au vitatu vya vidole vikaonekana kwa aliyesimama juu ya mpira. Hakueleza sababu. Sisi vijana tulimwona mbishi.

Wenye uwezo walikuwa na kitabu cha Ben Hogan, *Five Lessons*, kilichotoka 1957. Michoro yake ni mizuri ajabu. Lakini Hogan maisha yake alikuwa akipigana na mpira unaokunja kushoto, kwa hiyo mshiko aliouandika ulikuwa tiba ya maradhi yake mwenyewe. Mchezaji wa Jumamosi ambaye mpira wake tayari unakimbilia kulia akiuiga mshiko ule, anajizidishia. Na wengi wa Jumamosi hukata kulia. Sijui ni watu wangapi walimlaumu Hogan, lakini kosa ni la kumeza dawa bila kuuliza ni ya nani.

Kisha zikaja video, na baadaye simu zinazopiga picha za mwendo wa polepole, kila mtu akawa daktari. Faida yake ni kwamba kichwa kilipata nafuu. Watu walimwona David Duval, bingwa wa Open ya Uingereza mwaka 2001, na Annika Sörenstam wa Uswidi, mwenye mataji makubwa 10, wote wakigeuza kichwa hata kabla fimbo haijagusa mpira. Mguso wenyewe huchukua takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Picha zikaonyesha jambo jingine: anayedaiwa kuinua kichwa mara nyingi kaanza kwa kuinua nyonga na kifua, kichwa kimebebwa tu.

Lililobadilisha mambo hasa ni rada. Kampuni ya TrackMan ya Denmark, iliyoanza mwaka 2003, ilitengeneza mtambo unaoufuata mpira tangu unapoondoka. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba mpira huanza kuelekea njia ya fimbo, halafu hupinda kufuata uso wa fimbo unakotazama. Rada ikapindua hesabu. Mpira huanza karibu kabisa na uso unakotazama wakati wa mguso, halafu hupinda kuikimbia njia ya fimbo. Uso ukiwa wazi kulia kwa njia, mpira hukata kulia, na pengo likiwa kubwa hukata zaidi.

Niliposimama kando ya mtambo huo kwa mara ya kwanza, Nairobi, nilielewa kwa nini tiba ya kulenga kushoto haikumponya mtu. Anayekata kulia akihofia vichaka, hugeuza mabega kushoto. Fimbo nayo inapita kushoto zaidi, pengo linapanuka, mpira unakata vibaya zaidi. Ni sawa na kukuna upele. Mzee wetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, naye hakuwahi kuiona rada. Alikuwa akiufunga uso wa fimbo kwa kuanzia kwenye mkono.

Wewe unayesumbuka na ugonjwa huu, usiguse mabega wala miguu kabla hujatengeneza mshiko. Utakukera wiki kadhaa, na mipira ya mwanzo huenda ikaruka kushoto. Vumilia. Piga mapigo mafupi kwa fimbo namba 8 hadi mikono izoee, ndipo uitoe dreva mfukoni.