Kitabuni Nimepona
Mlangoni mwa fremu yetu ya vipuri, Gerezani, anakaa mzee wa Kizaramo anayechonga funguo. Ndiye aliyenigundua. "Weye Msukuma, mbona unatembea kama mtoto katoka jandoni?" Vijana wakaangua kicheko. Mimi nilikaza meno tu, maana alikuwa amepatia.

Nilikuwa nimetoka likizo kwetu Usukumani. Kule hatuna jando, ndiyo sababu tohara ya kitabibu ilielekezwa mikoa kama Shinyanga, Mara, Iringa na Mbeya, si Dar. Majaribio ya Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu na Rakai yalionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Nilikwenda kwenye kambi ya tohara kwa hiari yangu.

Upasuaji wenyewe haukunisumbua. Siku ya saba, kwenye ukaguzi, foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi akachungulia, akatia tiki kitabuni: kidonda kizuri, kazi nyepesi ruksa, tendo la ndoa baada ya wiki sita. Nikapanda basi.

Dar kidonda kikaanza kuvuta. Nyuzi za upande wa chini zikaachia, usaha ukatoka, usiku homa. Nikapiga namba ya kwenye kadi. "Njoo tukuone," wakasema, na kambi ilikuwa imeshahamia kata nyingine, safari ya basi ya kutwa nzima na zaidi. Na hapa Kariakoo ningemwambia nani? Wenyeji hutahiriwa wangali watoto. Mtu mzima aliyekuwa bado na "mkono wa sweta", yaani govi, ni utani wa kijiweni wa mwaka mzima.

Mzee hakusubiri nieleze. Alifunga sanduku lake, akasimamisha bajaji. Njiani, bila kunitazama, akasema, "Mwanangu, hata jandoni walikuwapo waliooza. Ila ngariba hasemi."

Hospitali walikisafisha, wakatoa nyuzi zilizobaki, wakanichoma sindano ya pepopunda na kunipa antibayotiki. Kidonda hakikushonwa tena. Kiliachwa kijae chenyewe kutoka chini, nikawa naenda kubadilishiwa bandeji. Tajiri wangu akaniweka kuandika risiti, wenzangu wakabeba giaboksi. Utani waliufanya, tena mwingi. Ulivumilika kuliko ile homa.

Kinachonikera hadi leo ni kile kitabu cha kambini. Programu hizi hujipima kwa kutaka matatizo ya kati na makubwa yasizidi 2 kwa kila wateja 100. Kipimo hicho hakina ubaya, ila kinajazwa na wanaorudi. Mimi kule nimeandikwa nimepona. Sijutii tohara, ninachotaka ni hospitali iliyonitibu iwe na njia ya kuwaarifu walionikata.

Juzi dada yangu alipiga simu: kambi imerudi, mwanawe wa miaka 12 anataka kwenda na wenzake. Nikamwambia amzuie kwanza. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani linashauri kuanzia miaka 15, kwa kuwa wadogo ndio walioongoza kwa majeraha mabaya: kichwa cha uume kukatwa, au njia ya mkojo kutoboka pembeni.

"Na akifika 15, mjomba mtu utakuja kumuuguza?"

Nikamjibu nitakuja, na sitapanda basi la kurudi kabla kidonda hakijafunga.