Nilifika Roma, Nikakaa Bustanini

Msomaji mpenzi, ukirudi kutoka Roma swali la kwanza utakaloulizwa ni kama ulimwona Papa. La pili ni umetuletea nini. Mimi niliyajibu yote mawili kwa haya, kwani Papa sikumwona, na katika mkoba sikuwa na zawadi ila tunda moja kavu la msonobari. Siku yangu ya pekee ya mapumziko niliimalizia bustanini.

Usinicheke upesi. Nilikuwa na safari ya kikazi ya siku tano, na kabla sijaondoka jamaa zangu walikutana wakanipa ujumbe. Dada yangu mdogo anafanya kazi Roma, akimtunza bibi kizee mmoja ambaye hawezi tena kujihudumia. Wakati huo alikuwa na miaka sita bila kuja nyumbani. Nyumba ya mama ilikuwa imekwama kwenye linta, na kila mtu kikaoni alikuwa na neno la kusema. "Mwambie hizo anazotuma hazitoshi," walisema. "Ulaya kuna raha, naye amejisahau." Nami, sikufichi, nilitikisa kichwa kukubali.

Dada alinipangia tukutane Jumapili. Nchini Italia, kwa desturi ya miaka mingi, watumishi wa nyumbani wanaolala kwa waajiri hupumzika Alhamisi alasiri na Jumapili. Tulikutana katika uwanja uitwao Piazza del Popolo, akiwa amebeba chupa ya chai na mandazi aliyoyafunga kwa kitambaa. "Pole na safari, kaka," akasema. "Twende nikuonyeshe kwangu." Nilidhani ananipeleka nyumbani anakoishi. Kumbe alinipandisha ngazi ndefu hadi kilima cha Pincio, na kutoka hapo tukaingia bustani ya Villa Borghese.

Pale juu ya kilima ulikuwapo ukuta mfupi ambao watu huuegemea wakautazama mji. Mapaa yametapakaa chini yako, na mbali ng'ambo ya mto kuba la kanisa la Mtakatifu Petro limeinuka kama chungu kilichofunikwa. "Papa hukumwona," dada akanitania, "lakini angalau paa lake umeliona."

Bustani yenyewe ni kubwa. Ina ukubwa wa hektari 80 hivi, yaani karibu ekari 200, na iko katikati ya jiji. Misonobari yake ni mirefu, mashina yake hayana matawi hadi juu kabisa, ambako vilele vimetanda kama miavuli. Kando ya njia za Pincio zimepangwa sanamu zaidi ya 200 za vichwa vya Waitaliano mashuhuri: washairi, wanasayansi, wachoraji na wapigania uhuru. Baadhi zimevunjwa pua na wahuni, maana wahuni wako kila mji. Dada aliniambia kwamba alipofika Roma hajui Kitaliano, alikuwa akizunguka akisoma majina hayo kwa sauti, sanamu baada ya sanamu. Huko ndiko kulikokuwa shule yake.

Tulipita kwenye saa ya ajabu inayoendeshwa kwa maji. Iliundwa na mtawa aitwaye Giovan Battista Embriaco, ikaonyeshwa Paris mwaka 1867, na ikawekwa hapo mwaka 1873. Watoto walikuwa wameizingira wakimwuliza baba yao maswali, naye baba anakuna kichwa. Mbele kidogo kuna ziwa dogo ambamo watu hupiga makasia, na kando yake hekalu jeupe lililojengwa kwa mfano wa mahekalu ya kale. Tukakaa kwenye benchi, dada akamimina chai.

Sasa, msomaji, jambo lililonishangaza zaidi ni historia ya mahali hapo. Bustani hiyo haikuanza kuwa mali ya wananchi. Ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 17 na kardinali Scipione Borghese, mpwa wa Papa Paulo wa Tano, mahali palipokuwa na mashamba ya mizabibu. Alikuwa tajiri mpenda sanaa, na ndani ya jumba lake la bustanini zimo hadi leo kazi za mchongaji Bernini ambazo watu husafiri mabara kuziona. Humo huingii ila kwa tiketi. Lakini nje, kwenye miti, desturi ilikuwa kumkaribisha mgeni. Liliwekwa hata jiwe lenye maandishi ya Kilatini likimwambia anayeingia atembee apendako bila hofu. Basi vizazi vya Warumi wakazoea kwenda kupunga upepo huko, ingawa ardhi ilibaki ya ukoo wa Borghese.

Katika miaka ya 1880 mambo yalibadilika. Roma ilikuwa mji mkuu mpya wa Italia nzima, watu walimiminika, na bei ya ploti ikapanda. Bustani jirani iliyoitwa Villa Ludovisi, ambayo wageni waliisifu sana kwa uzuri wake, ilikatwa vipande kuanzia mwaka 1886, ikawa mitaa na majumba. Leo ukipita mtaa wa Via Veneto wenye hoteli za fahari, ujue unakanyaga bustani iliyokufa. Ukoo wa Borghese nao ukafunga malango yao.

Baraza la mji halikunyamaza. Lilikwenda mahakamani, na mwaka 1887 mahakama ya mwisho ya rufani mjini Roma ikaamua kwamba wananchi walikuwa na haki ya kuitumia bustani ile, kwa kuwa waliitumia miaka na mikaka, na kwamba mwenye ardhi hawezi kuwafungia tu. Mwaka 1901 serikali ya Italia iliinunua, na mwaka 1903 ikapewa jiji la Roma. Walitaka kuiita kwa jina la mfalme Umberto wa Kwanza, lakini jina halikushika. Watu wanaiita Borghese mpaka leo.

Nilipokuwa nikiyawaza hayo nilikumbuka kwetu Nairobi. Mwaka 1989 palitolewa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mwanamke mmoja, Wangari Maathai, aliandika barua na kupaza sauti, akakejeliwa hadi bungeni. Lakini jumba halikujengwa, na mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Bustani za Roma na Nairobi hazikuachwa wazi kwa bahati. Kuna waliokubali kuitwa wakorofi ili wewe upate mahali pa kulaza mgongo kwenye nyasi.

Nikamwuliza dada kwa nini anapaita pale kwake. Akafikiri kidogo. "Kaka," akasema, "juma zima ninaitwa. Mchana ninaitwa, usiku wa manane ninaitwa. Bibi ni mwema, lakini ni mgonjwa. Hapa ninakaa saa tatu na hakuna anayeniita. Na silipi hata senti."

Kisha akaniuliza, "Nyumbani wamekutuma nini?"

Nilitazama ziwa. Nikaitazama mikono yake, iliyokuwa imekauka kwa sabuni. Nikamwambia, "Wanakusalimu sana." Alitabasamu, akaniongezea chai. Tulipoinuka kuondoka aliokota tunda la msonobari, akanipa nimpelekee mama.

Niliporudi kikao kiliitishwa tena. Sikuwapa hesabu ya fedha. Niliwapa habari za benchi lile, na mama akaliweka tunda lile juu ya kabati, akasema linta inaweza kungoja. Wengine hawakupendezwa, na hadi leo wapo wanaosema nilinunuliwa kwa chai na mandazi. Lakini siku hizi tukimpigia dada simu, twaanza kwa kumwuliza kama amepumzika.

Msomaji, mtoto wa mjini hukua baina ya kuta. Jumapili ijayo wachukue wanao uwapeleke kwenye bustani iliyo karibu nawe, ukiwa na chai yako na mandazi yako. Waonyeshe miti, na uwasimulie ni nani walioipigania. Wanyakuzi wa ardhi hupenda sana mahali pasipokanyagwa, nao Warumi walishinda kesi yao kwa sababu nyayo zao zilikuwako tangu zamani. Usingoje lango lifungwe ndipo ukumbuke kwamba lilikuwa wazi.