Nyundo Nyumbani ni Akiba

Hapa kwetu Nyamwaga, katika nchi ya juu ya Tarime, mvua haina mzaha. Masika yakianza, mwezi wa Machi hata Mei, kila mwenye nyumba husikiliza bati lake kwa hofu, na usiku ukipita utakuta masufuria na mabeseni yametandazwa sakafuni kukinga matone. Ndipo watu huanza kumtafuta fundi. Fundi naye ana watu kumi wanaomngoja, na tangu mgodi wa dhahabu wa North Mara ulipoanza kazi kule Nyamongo mwaka 2002, bei yake si bei ya kijijini tena. Simlaumu. Mtu awezaye kupata kibarua chenye fedha hatapanda juu ya paa kwa ujira wa kuku mmoja.

Mimi ni karani wa parokia. Naandika vyeti vya ubatizo na vya ndoa, na mshahara wa kazi hiyo wasomaji wanaukadiria bila mimi kuutaja. Nilisomea ualimu, na chuoni tulijifunza kufundisha Stadi za Kazi kwa chaki na ubao. Nyundo yenyewe hatukuishika. Hayo machache niyajuayo nilifundishwa na mzee mmoja seremala, jirani yetu, aliyeniweka miaka miwili nikimshikia ngazi kabla hajaniruhusu kuipanda.

Mwaka jana mwezi wa Machi mama mmoja mjane alifika ofisini kuchukua cheti cha mjukuu wake. Katika mazungumzo akanieleza kwamba bati lake linavuja, fundi ametaka shilingi 60,000, naye amekwisha kuamua kuuza gunia moja la mahindi. Alikuwa na magunia mawili tu, na wajukuu watatu, na mavuno mapya hayaji kabla ya Julai. Nikamwambia, "Mama, usiuze kwanza. Jumamosi nitakuja kutazama." Akanitazama mikono, akasema, "Mwanangu, wewe si mtu wa kalamu?"

Nilipofika sikupanda kwanza. Paa lililotoboka hutazamwa kutoka ndani, mchana wa jua, mlango na madirisha yakiwa yamefungwa: kila tundu huonekana kama nyota. Tukahesabu matundu kumi na moja. Hapo nikamweleza jambo linalowadanganya wengi, yaani tone halidondoki daima chini ya tundu lake. Maji huingia mahali pamoja, yakateremka juu ya mti, yakadondoka mbali. Ndiyo sababu mtu huziba penye tone na kesho bado analoa. Kwa kila tundu tulichomeka ujiti mwembamba ili nikiwa juu nilione.

Mabati yenyewe yalikuwa mazima. Kilichokufa ni mipira iliyo chini ya vichwa vya misumari, maana jua huikausha hata ikapasuka na maji yakapita. Tena misumari minne ilikuwa imepigwa katika bonde la bati, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni. Msumari wa bati sharti upigwe mgongoni. Niliing'oa ile minne, matundu yake nikayaziba kwa kitambaa kilicholowa lami, nikapaka lami tena juu yake. Mingine saba niliing'oa, nikaweka misumari mipya iliyo minene kidogo, na chini ya kila kichwa kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli kilichokatwa mviringo. Misumari nusu kilo shilingi 2,500, kopo la lami 4,000, tyubu tulipewa bure. Jumla 6,500. Gunia likabaki ndani.

Apandaye na akumbuke kukanyaga penye mstari wa misumari, kwa kuwa chini yake pana mti. Akikanyaga katikati, bati hubonyea, na pengine yeye mwenyewe hushuka bila ngazi. Wala asipande bati likiwa limelowa.

Sakafu iliyopasuka nayo humla mtu fedha bure. Saruji huuzwa dukani kwa kilo, si lazima kununua mfuko mzima. Chimbua ufa mpaka upate pagumu, toa vumbi lote, mwagia maji, kisha jaza mchanganyiko wa kipimo kimoja cha saruji na vitatu vya mchanga safi. Wengi huharibu hapa: wanafurahi kuona pamekauka upesi. Saruji haigandi kwa kukauka, hugandishwa na maji iliyoyanywa. Basi funika kwa gunia lililolowa, na ulilowanishe kila siku kwa juma zima. Kwa nyumba za udongo sina la kufundisha. Akina mama wa hapa huchanganya udongo na samadi na kusiriba ukuta vizuri kuliko mwanamume yeyote nimjuaye.

Koki ya tangi la mvua ikidondosha tone moja kila sekunde, ni matone 86,400 kwa siku, yaani zaidi ya lita nne. Katika siku mia za kiangazi umemwaga ndoo ishirini na zaidi za lita ishirini. Dawa yake mara nyingi ni kale kampira kadogo kaliko ndani ya koki, ambako huuzwa kwa bei ya chini kuliko soda.

Wazee wetu watacheka kusoma haya kama habari mpya. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipoendeshwa kwa redio, karibu watu milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha pande za nyumba zao kwa mikono yao.

Mafundi wasinikasirikie. Zipo kazi ambazo siziguzi: nyaya za umeme, kenchi iliyoliwa na mchwa, ukuta uliopasuka toka msingi hata juu. Huko mwite fundi, umlipe haki yake bila kuvutana, na ile akiba ya misumari ndiyo itakayokusaidia kumlipa.

Yule mama sasa ana nyundo yake mwenyewe, ameinunua mnadani. Mjukuu wake mkubwa, mwenye miaka kumi na minne, amekwisha kubadilisha bawaba za mlango, na juma lililopita aliniijia kuuliza msumari wa inchi ngapi unafaa kwa kitanda.