Nepi Sita Kwenye Kamba

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, lakini ufukweni Malindi, karibu na mlango wa mto Sabaki, nilikuta daipa imefura maji. Sikujua ya nani. Ingeweza kuwa ya mwanangu: zetu twazitupa shimoni nyuma ya nyumba, na masika ikinyesha, taka huelea.

Nikamwambia mama nataka nepi za kitambaa. Akacheka.

“Nilikulea kwa hizo, mwanangu. Ila maji utatoa wapi?”

Hapo ndipo penye kasheshe. Mfereji ukikauka, kila mtungi wa lita 20 ni wa kununua. Siku hizo narudi kwa daipa, roho ikinisuta. Usiku pia, ili nilale. Lakini leo maji yametoka. Nepi sita ziko kambani, kusi inazikausha.

Hizo hazitafika baharini.